Maabara ya Shangazi Keziya

Jumatatu, 6 Machi 1995
Sayansi, darasa la sita. Sehemu za ua. Nusu wamesinzia, nusu wamekula kielelezo.
Mchana walimu tuliitwa semina ya afya, hospitali ya kambi ya wakimbizi. Nilifuata soda. Daktari mzungu, Kiswahili chake cha kitabuni, akafika kwenye saratani ya matiti. Soda ikanishinda. Nina uvimbe titi la kushoto tangu muhula uliopita. Anayejua ni shangazi yangu Keziya tu. Mume wangu yuko kazini Biharamulo, hajui.
Daktari akaonyesha maua madogo ya rangi ya waridi mbele ya wodi. Maji ya ua kama lile huchukuliwa, hubadilishwa maabara kuwa dawa, ndipo hudungwa mshipani. Bado wanaijaribu kwa saratani ya titi. Bila kubadilishwa ni sumu. Sikumwonyesha uvimbe. Naogopa kukatwa.

Jumanne, 7 Machi
Nimemsimulia Shangazi. Kosa. Amesikia "ua" na "kubadilishwa", basi. "Maabala? Mbona ninayo," akasema. Ana mtambo wa gongo nyuma ya migomba: pipa, bomba, beseni la maji baridi. Amebadilisha ndizi tangu sijazaliwa.
Nimecheka. Halafu nikaona nimefurahi. Kupona bila kisu, bila mtu kujua. Na mimi ndiye mwalimu wa sayansi. Aibu.

Alhamisi, 9 Machi
Maua yote mbele ya ofisi ya kijiji, aina ileile ya wodini, yameng'olewa. Mtendaji anawashuku wakimbizi. Siku hizi hata kuku akichelewa kurudi bandani ni wakimbizi. Ameitisha mkutano juu ya uharibifu wa mazingira. Shangazi alikaa mbele, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Jumamosi, 11 Machi
Dawa tayari. Gongo ya maua, na majani yakalowekwa tena humo "isipungue nguvu". Rangi yake kama maji ya kuoshea viatu.
Huku kwetu humpi mtu kinywaji kabla hujaonja mbele yake. Asiyeonja anataka kukuua. Shangazi ni mtu wa mila, akaonja. Akasema ladha hajaipata vizuri. Akaonja tena. Zamu yangu ilipofika kibuyu kitupu, naye anamwimbia mbuzi pambio. Ameahidi kupika nyingine kesho.
Nimekasirika hadi machozi. Ile ilikuwa dawa yangu.

Jumapili, 12 Machi
Hakuna aliyepika. Shangazi ametapika tangu alfajiri, macho yamezama. Mzaha umekwisha. Majirani wamembeba kwa machela hadi hospitali ya kambi. Njia nzima analalamika kwamba wanamtikisa, nami nashukuru kila lalamiko.
Nesi, mkimbizi kutoka Burundi, akauliza mama amekunywa nini. Nikitaja ua, atauliza lilikuwa la nini. Nikamtazama Shangazi, midomo imekauka. Nikasema yote. Ua. Gongo. Titi. Langu.
Akamtundikia Shangazi dripu kwanza. Kisha akanishika mkono, akavuta pazia.

Jumanne, 14 Machi
Shangazi anakunywa uji na kuwasema wapishi. Atapona huyu.
Daktari amenipima. Uvimbe utolewe, upelekwe Mwanza ukachunguzwe. Si kila uvimbe ni saratani, na huu hawezi kuusemea. Nikauliza ile dawa ya ua. Hapa haipo, akasema. Kilichopo ni kisu, na kuwahi. Sikulipenda jibu. Nimekubali.
Nimetuma salamu Biharamulo kwa dereva wa lori. Mume wangu aje.

Ijumaa, 17 Machi
Nimekatwa jana. Kilichotolewa hakikuwa kikubwa, kama haragwe. Kimetiwa kwenye chupa na gari la hospitali limeondoka nacho. Majibu ni baada ya wiki kadhaa. Kidonda kinauma. Hofu ipo.
Mvua imenyesha tangu asubuhi. Shangazi amelala.
Mume wangu amefika jioni, suruali tope hadi magotini. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Halafu akauliza ni upande gani.
Nimemwonyesha.