Kaka, Mama Hataki Kupanda Pikipiki

Kaka Projestus,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza kukuandikia bila shikamoo, Mama atajua tu, hata akiwa huko kibanjani anapalilia.

Nimerudi barabarani. Nabeba abiria kati ya Igurwa na Bugene kama tulivyokuwa tukifanya sote wawili, ila sasa kijiweni natania peke yangu na simchekeshi mtu. Na mchana nawasha taa. Ndiyo, taa ile ile uliyokuwa ukinicheka nayo: "Jua lipo, wewe unaongeza nini?" Watu wakikukunjia na kukukunjulia vidole kukuonyesha kwamba yako inawaka, ulikuwa unaizima upesi kama mtu aliyeambiwa zipu iko wazi.

Dereva wa lile lori la kahawa lililokugonga alisema aliona vumbi tu. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana vumbi la kiangazi nalijua. Msibani walirudia ajali haina kinga, ajali haina kinga, mpaka nikatoka nje. Hii ilikuwa na kinga, kaka. Kitufe kimoja, hapo penye kidole gumba chako.

Siku tulipokutoa hospitali kukuleta nyumbani, magari yote yaliwasha taa, jua la saa saba. Watu walituona toka mbali. Malori yakasimama pembeni, wanaume wakavua kofia. Siku hiyo ndipo walipokupisha. Inaniuma, kaka. Inaniuma sana.

Na Mama hilo ndilo limemkaa kichwani. Hapandi pikipiki yangu. "Zima kwanza. Hiyo ni taa ya kusindikiza maiti." Nikimweleza, analia. Nikinyamaza, anachukua mkongojo wake anaondoka. Na lile goti lake bovu, na kanisa unajua lilivyo mbali. Lakini kuizima siwezi. Jeneza moja nimeshalibeba.

Jumapili iliyopita alitangulia kwa miguu, nami nikamfuata nyuma polepole, gia ya kwanza, taa inawaka, ili anayekuja mbele yetu atuone sote wawili. Watu wakasimama kando, wakainamisha vichwa, wakitafuta jeneza liko wapi. Wewe ungecheka. Mimi nilishindwa. Karibu na Bugene jamaa mmoja anayesukuma baiskeli ya ndizi akanichezeshea vidole: "Mwaitu, ndugu yetu, taa!" Kabla sijajibu, Mama akamgeukia, amekasirika kweli kweli.

"Iache iwake," akamwambia. "Huyu ndiye niliyebakiwa naye."

Kisha akaendelea kutembea. Hakupanda.

Basi pumzika, kaka yangu. Nakuahidi sitaizima, hata kwa machozi yake. Na mpaka siku atakapokubali kupanda, nitakuwa nyuma yake tu, gia ya kwanza.

Mdogo wako,
Novatus