Amplifaya ya Vijembe

Mtoni, Jumamosi

Na nilivyomsumbua yule muuza redio Kariakoo! Nilitaka amplifaya ya kupenya ukuta, ili Zuhura, mke mwenzangu, asikie kila neno. Leo nikamwekea taarabu ya kuwasimanga wagumba. Sote hatuna mtoto, lakini mie angalau nilishawahi kubeba mimba. Yeye hata hiyo hana.

Nikafungulia sauti mpaka vikombe vikatetemeka, nikatoka uani nimwone akilia.

Kakaa anachambua mchele, kavaa hedfoni, waya umeingia kwenye redio yake ya kaseti. Anatikisa kichwa kwa wimbo wake!

"Nani kamchagulia hedfoni hiyo?" nikamuuliza mume wetu.

"Mie. Nilijaribu nne, nikachukua inayoziba masikio kabisa."

Mgumba pekee aliyeusikia ule wimbo kutwa nzima ni mie.