Nilichomwambia Kocha Wakati wa Mapumziko

Jumatatu, saa nne asubuhi. Ukungu haujaondoka Eldoret tangu kupambazuka, na mvua ni ile ya manyunyu isiyojua kukatika. Duka sijafungua. Nimekaa kwenye meza ya kulia na kikombe cha chai iliyopoa, na mlango wa chumba cha pili nimeuacha wazi kidogo ili nisikie mtu aliyelala humo anavyopumua.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua: mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, muuza dawa za mifugo pale Pioneer, shabiki wa basketi ambaye hajawahi kurusha mpira kwenye kikapu hata siku moja. Mnajua pia nina binti wa marehemu dada yangu, ninayemlea tangu akiwa na miaka sita. Leo nitamwita Shiru. Si jina lake. Majina yote humu nimeyabadilisha, kwa sababu ya haya ninayotaka kuandika.

Sauti imenikauka kwa kelele za uwanjani.

Ijumaa nilifunga duka saa sita mchana. Chuo anachosomea Shiru kilikuwa mwenyeji wa mashindano ya siku tatu: Ijumaa robo fainali, Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali. Timu yetu ya wasichana haijawahi kuchukua kombe hilo, wala kulikaribia. Shiru ndiye anayeleta mpira mbele na kuugawa. Ni mfupi kuliko wenzake wote, lakini akishika mpira unaona wale warefu wanaanza kurudi nyuma.

Nilisimama mahali pangu pa siku zote, nyuma ya kikapu cha upande wa geti, pamoja na Mama Cherono. Yeye hutoka Sugoi na flaski kubwa ya chai na blanketi la kufunika magoti. Binti yake, Cherono, ndiye nahodha, na huu ndio mwaka wake wa mwisho chuoni. Kwenye mechi Mama Cherono huomba kimyakimya, mimi hupiga kelele. Tulizoea hivyo bila kuambiana.

Robo ya tatu ya mechi, tukiongoza kwa pointi tisa, Shiru alipenya katikati ya wasichana wawili akaruka. Mmoja akamgonga hewani. Alianguka kwa mgongo, na kichwa kikapiga saruji.

Nilisikia ule mlio. Mama Cherono anasema hakuusikia. Mimi niliusikia.

Alilala pale kidogo, akaamka, akainua kidole gumba. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Tukashinda, na nyumbani alikula vijiko vichache tu, akasema taa ya sebuleni inamchoma macho. Nikaizima. Nikadhani ni uchovu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ameinamia sinki, anatapika. Akasema ni chipsi za jana. Nikamwachia birika ajimiminie chai, na hapo ndipo nilipoona. Alimimina chai mezani, kando ya kikombe, huku akikikazia macho kile kikombe kama kinachosogea. Nikamuuliza. Mwanzo alikana, halafu akaniambia kwamba tangu jana anaona vitu viwiliviwili, na masikio yanamlia.

Nikainuka kuchukua simu nimpigie kocha. Akanishika mkono kwa nguvu. Yeye huniita Tata, kama tunavyomwita shangazi kwetu.

"Tata, nimengojea hii kitu miaka mitatu. Ukimwambia atanitoa. Niahidi hutasema."

Nikaahidi.

Ningependa kuandika hapa kwamba niliahidi kwa sababu ya mapenzi. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba mimi pia niliitaka ile mechi. Bila Shiru tusingewaweza wasichana wa Kisumu tuliopangiwa siku hiyo, na nilijua. Mimi, ambaye mkulima akija dukani akasema ndama wake anayumba humfokea asingoje kesho, nilimpa mtoto wangu tembe mbili za maumivu nikaanza kumtafutia soksi.

Ile nusu fainali niliitazama kama mtu aliyekalia misumari. Robo ya pili mvua ikanyesha, mechi ikasimamishwa, wanafunzi wakaingia na mafagio na magunia kuondoa maji uwanjani. Karibu saa nzima. Shiru alikaa kwenye benchi amejifunika taulo kichwani, na watu wakasema anaomba. Mimi nilijua anakimbia mwanga.

Waliporudi, mara mbili alimpa mpira msichana wa timu pinzani mikononi, kama anayempa mwenzake. Kocha akampigia kelele, jambo ambalo halifanyi kwa kawaida. Halafu dakika ya mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Shiru akampokonya mtu mpira, akakimbia nao uwanja mzima peke yake na kufunga. Tukashinda. Niliruka, nikamkumbatia Mama Cherono hadi blanketi likaanguka kwenye matope, nikalia. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa.

Nilipomtafuta kwa macho, nilimwona amesimama katikati ya umati akimuuliza Cherono kitu. Cherono akacheka, akampiga bega. Baadaye Cherono alinisimulia kama kichekesho: Shiru alikuwa amemuuliza kama tumeshinda au tumeshindwa.

Hata hapo sikusema kitu.

Jumapili sikuenda kanisani. Sikujua ningeomba nini. Fainali ilikuwa saa nane mchana, dhidi ya timu ya Nakuru, wasichana warefu wenye utulivu wa kutisha. Watu walikuwa wamepanda hadi juu ya ukuta. Robo ya kwanza Shiru alicheza kama mtu mzima wa afya, nikaanza kujiambia kwamba labda yamepita, labda nilikuwa naogopa bure.

Robo ya pili bega la mtu likamgusa kwenye paji. Halikuwa pigo kubwa, hata refa hakupuliza filimbi. Shiru akapiga goti moja, akainuka, akaendelea. Muda mfupi baadaye kocha wa Nakuru akaomba mapumziko mafupi. Wachezaji wote wakaenda kwenye benchi zao.

Shiru akaenda kwenye benchi la Nakuru.

Alienda kabisa akaketi, akanyoosha mkono apewe maji. Uwanja ukaangua kicheko, wakidhani anawafanyia wageni mzaha. Wasichana wa Nakuru wenyewe walicheka. Cherono akaja akamshika mkono, akamrudisha kwetu.

Mama Cherono hakucheka. Alinigeukia. "Huyu mtoto ako sawa?"

Nikatazama ubao wa pointi. Nakumbuka nilijiambia ngoja, ngoja kidogo, tuko mbele kwa pointi sita. Ndiyo, nilihesabu pointi. Hilo nalo naliandika.

Filimbi ya mapumziko ilipolia niliacha mahali pangu, nikapita chini ya kamba. Mlinzi akataka kunizuia, sijui aliona nini usoni mwangu, akaniachia. Kocha wetu, nitamwita Owino, ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa kutoka upande wa ziwa ambaye huongea kana kwamba maneno yana uzito. Alikuwa amechuchumaa akiwachorea wasichana kwenye ubao mdogo. Nikamvuta pembeni nikamwambia yote. Kuanguka, kutapika, vikombe viwili.

"Tangu Ijumaa?" akauliza.

"Tangu Ijumaa."

"Na ukanyamaza."

Hakuwa ananiuliza. Alirudi kwa Shiru, akachuchumaa mbele yake, akamwangalia jicho moja baada ya jingine, kisha akamwambia avue viatu. Shiru hakumtazama. Alinitazama mimi. Nilitarajia angepiga kelele, lakini alisema kwa sauti ya chini sana, hata nadhani ni kocha na Cherono tu waliosikia.

"Wewe si mama yangu."

Kocha aliniambia nikae na Shiru mwisho wa benchi. Nikakaa. Yeye akanigeuzia mgongo, na nusu yote ya pili niliitazama nikiikodolea macho namba saba iliyoshonwa kwenye jezi yake. Zile pointi sita ziliyeyuka kabla ya robo ya tatu kuisha. Msichana wa akiba alijitahidi, maskini, mara mpira ulimponyoka, mara aliogopa kuuachilia. Lakini hawakukata tamaa. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na Cherono akapewa mitupo miwili ya bure.

Uwanja ulinyamaza hadi nikasikia bendera zikipigwa na upepo.

Mtupo wa kwanza ukagonga chuma, ukatoka. Wa pili ukazunguka juu ya kikapu, ukazunguka tena, ukatoka.

Cherono alikaa chini palepale alipokuwa. Mama yake alinipita kwenda kumwinua, akanipita karibu kiasi cha kunigusa, asinitazame. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Simlaumu. Ile ilikuwa mechi ya mwisho ya mtoto wake.

Kocha Owino alituendesha hospitalini yeye mwenyewe, akiwaacha wasichana wengine wanalia uwanjani. Shiru akapigwa picha ya kichwa. Tulingoja kwenye viti vya plastiki. Daktari, dada mdogo wa umri, alisema hakuna damu iliyovujia ndani. Kisha akasema kwamba mtu aliyeumia kichwa akigongwa tena kabla hajapona, wakati mwingine haamki. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Asicheze, asisome, asishike simu hadi atakaporuhusiwa, na kila baada ya saa chache nimuulize maswali mepesi nione kama anajibu sawasawa.

Njiani kurudi Shiru aligeukia dirisha. Alilala na jezi yake.

Sasa nafika kwa kilichonifanya niandike.

Leo saa moja na nusu alitoka chumbani akishika ukuta, macho ameyafinya. Akasimama hapo mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Tata, mechi ni saa ngapi?"

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama vizuri, nikaona hapana. Anaikumbuka mvua ya Jumamosi. Anakumbuka, kama ndoto, wakipasha misuli moto. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilimpigia daktari; akaniuliza kama ametapika tena, kama anatembea vizuri, kama anajua jina lake na mahali alipo. Akasema kumbukumbu ya namna hiyo huweza kupotea baada ya pigo, inaweza kurudi au isirudi, na nikiona anazidi kuchanganyikiwa nimrudishe mara moja.

Nikakata simu. Shiru alikuwa ameketi mkabala nami, ananingojea.

Na nikaona mlango uko wazi mbele yangu. Ningesema: kocha aliona mwenyewe. Daktari wa uwanjani alikutoa. Angeniamini. Walau kwa siku hizi za kupona angeniamini, na tungekula chakula cha mchana pamoja kama zamani.

Nikamwambia mechi ilishaisha jana. Nikamwambia tulishindwa kwa pointi moja. Nikamwambia wakati wa mapumziko nilienda kwa kocha nikavunja ahadi, na kwamba nilipaswa kuivunja Jumamosi, nikakaa kimya kwa sababu na mimi nilitaka tushinde.

Uso wake ulibadilika vilevile ulivyobadilika jana. Sijawahi kumuumiza mtu mara mbili kwa jambo moja. Aliweka kichwa mezani, na mimi nikaogopa hata kumgusa bega. Kisha akaniuliza habari za Cherono. Nikamsimulia ile mitupo miwili. Hapo ndipo alipolia, kwa ajili ya Cherono, si kwa ajili yake.

Alipotulia akainua kichwa.

"Na mimi nilikuambia nini?"

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Dada yangu alizikwa Burnt Forest siku yenye mvua ya aina hii, na mtoto huyu alinishika sketi siku nzima asiiachilie hata wakati wa kula.

"Hukusema kitu," nikamwambia. "Ulinyamaza tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Afadhali. Nilikuwa naogopa nilikutusi."

Akavuta kikombe changu, akanywa chai kidogo, akarudi kulala.

Kwa hivyo nimemwambia ukweli wote, isipokuwa maneno manne. Cherono aliyasikia, kocha aliyasikia, na huenda siku moja kichwa chake mwenyewe kikamrudishia. Atanijia akiwa na hasira au na aibu, sijui. Jumamosi nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake, na haikuwa kweli. Leo je? Nimejiuliza tangu asubuhi na sijapata jibu ninaloweza kuliapia.

Simu imeita mara mbili nikiandika hapa. Ni Mama Cherono. Sijui ananipigia kunipa pole au kunilaumu, na kwa yote mawili ana haki. Nitampigia nikimaliza kumwamsha Shiru.

Saa tano imefika. Naenda kumuuliza leo ni siku gani.