Mashine Isiyonguruma

Jumatano, 1 Agosti

Hortensia kagonga mlango saa tatu asubuhi, daftari lake la mwenyekiti wa jengo kalibana kwapani. Nikajua kuna jambo. Hortensia hapandi ghorofa nne kuja kunywa kahawa yangu — ingawa aliinywa, tena vikombe viwili!

Malalamiko rasmi. Ya Evelio. Eti kompyuta yangu inanguruma kama mashine ya kusaga, eti kichwa kinampasuka, eti tangu Januari hajapata usingizi. Evelio! Mtu niliyelala naye miaka kumi na tisa akikoroma hadi vioo vya madirisha vinatetemeka!

Tumeachana, mwaka wa sita sasa. Yeye upande wa jikoni, mimi upande wa roshani, jiko na bafu twatumia wote, katikati kiambaza cha plaiwudi alichokipigilia mwenyewe kwa hasira siku mbili baada ya talaka. Nusu ya Havana wanaishi hivi, nyumba ziko wapi? Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakuombea afya. Evelio haniombei.

Anachokitaka nakijua. Anataka nyumba hii tubadilishane na watu, tupewe vyumba viwili mbalimbali: kimoja chake na Danaisy, mke wake mpya, kingine changu huko mwisho wa dunia ambako basi hufika likijisikia. Bila sahihi yangu hawezi. Na sahihi haipati! Roshani hii yangu, upepo huu wangu, humu nitatoka nimebebwa.

Hortensia anasema kikao cha jengo ni Jumatatu tarehe 20. Kelele ikiwa bado ipo, ataandika kwamba hawa wawili hawawezi tena kukaa pamoja, na barua itapelekwa juu, idara ya nyumba, watutenganishe wao. Kisha akanipapasa mkono. "Mirtha, mwenzangu, mimi niko upande wako. Izime tu hiyo mashine, yaishe."

Niizime! Miaka ishirini na saba nimewaonyesha watu wa mtaa huu filamu pale Sinema Alborada, mpaka siku paa liliposhukia viti. Sasa sinema yangu ni kompyuta na TV. Sizimi kitu. Nitaunda nyingine, isiyo na feni hata moja. Isiyotoa hata pumzi! Tuone atalalamikia nini.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Fonseca, fundi wa redio na TV pale chini mlangoni. Nikamweleza. Akavua miwani, akanitazama kama mgonjwa.

"Bi mkubwa, kompyuta bila feni? Havana? Mwezi wa nane? Si ukaange yai juu yake kabisa!"

Nikamwambia anifundishe au nimwendee mwingine. Akakubali, huku anacheka. Kumbe kelele hutoka kwenye matumbo matatu: feni ya prosesa, feni ya kisanduku cha umeme, na diski inayozunguka. Basi prosesa iwe ndogo isiyo na uroho wa umeme — anayo moja na ubao wake, shemeji yake aliileta kutoka Panama. Kisanduku cha umeme tutatupa, tutatumia chaja ya laptop. Diski iwe ile isiyozunguka. Hapo kelele kwisha. Linabaki joto.

"Joto ni kama mkwe," kasema. "Huwezi kumzuia, mtafutie tu pa kukaa." Inatakiwa alumini, kipande kizito chenye mapezi, kikae juu ya prosesa kilinyonye joto na kulimwaga hewani. Yeye hana, duka halina, nchi nzima haina.

Mimi najua kilipo. Malipo yake: ile kompyuta kuukuu, siku nikimaliza nayo.

Jumatatu, 6 Agosti

Mlinzi wa Alborada bado ananiita mama wa sinema. Kanifungulia mlango wa nyuma. Sikutazama ukumbini, nisingeweza. Nikapanda moja kwa moja hadi chumba changu cha projekta. Kikuza sauti cha Kirusi, amplifaya, bado kiko ukutani, kimekufa, mgongo wake mapezi ya alumini matupu, marefu kama mkono wangu. Nimefungua skrubu kumi na sita huku nalia. Ndiyo, nimelia, nani ataona?

Kupanda ngazi na pande hilo la alumini ndiyo kazi. Kilo sita! Ghorofa ya tatu nikakutana na Evelio anashuka, nywele kazipaka mafuta.

— Siku hizi unaokota vyuma chakavu?
— Nilianza zamani. Cha kwanza kuokota ulikuwa wewe!

Akaniambia nifurahi, zimebaki wiki mbili. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma. Tukaachana hapo, kila mtu na njia yake, majirani wamejaa milangoni.

Nafika chumbani, kiti changu hakipo nilipokiacha jana kabla ya kwenda Regla, ng'ambo ya ghuba, kwa dada yangu Olguita; usiku nilirudi gizani, sikuona. Kimesogezwa hadi ukutani. Na sukari imepungua. Huyu Danaisy ana mkono mrefu! Nimemwuliza pale jikoni, mbele ya sufuria lake la maharage. Akaapa hajui kitu.

"Nitaingiaje kwako, dada Mirtha? Mlango si unaufunga?"

Kweli naufunga. Na ufunguo wa akiba anao Hortensia peke yake, nilimpa mwaka ule bomba lilipopasuka. Lakini sukari haina miguu.

Alhamisi, 9 Agosti

Siku mbili nasugua alumini. Msasa juu ya kioo, huku na huku, hadi kitako cha mapezi kikawa laini, najiona uso. Mikono imekuwa ya kijivu.

Kati ya alumini na prosesa lazima kuwe na mafuta mazito ya kupitisha joto. Hayapatikani. Nikapaka dawa ya meno, mtaani wote wanafanya hivyo. Fonseca kapiga kelele mpaka mbwa wakabweka: "Hiyo itakauka kwa siku tatu! Unaunda kompyuta au unaiswakisha?" Kaniletea mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa, tonge dogo kama mbaazi moja. Nimefuta, nimepaka upya, nimekaza skrubu nne kwa zamu, kidogo kidogo.

Nikataka kuiwasha — umeme ukakatika. Jengo zima. Upande wa pili Evelio kacheka peke yake gizani kama fisi.

Jumamosi, 11 Agosti

Imewaka!

Nilidhani haijawaka. Taa tu, ndogo, ya buluu. Nikaweka sikio. Hakuna kitu. Nikashika mapezi, yana uvuguvugu kama mkate. Picha ikatokea kwenye TV. Ewe Mola! Miaka ishirini na saba nimesikia filamu nyuma ya mngurumo wa projekta, halafu miaka mingine nyuma ya feni. Leo mwanamke kwenye filamu kashika barua, na nimesikia karatasi ikikunjwa.

Nimeifanyia mahali pake chini ya TV. Nimeipamba vizuri, iwe ya nyumbani.

Dakika ya arobaini, giza. Imejizima. Moto, haishikiki!

Evelio kagonga kiambaza: "Vipi, sinema imefungwa tena? Paa limeanguka?"

Hilo la paa sitamsamehe. Ninamchukia. Nimeandika hapa ili nisije nikasahau siku akija na maneno matamu.

Jumatatu, 13 Agosti

Jana nilikuwa Regla kama kila Jumapili. Nimerudi, pazia la roshani limevutwa upande. Ukutani kuna alama ya penseli, kistari kifupi, na kingine kule pembeni. Mimi sijachora. Au nimeanza kuzeeka?

Mashine imejizima mara tatu leo. Dakika arobaini, thelathini na nane, thelathini na tano. Nimerudia kutumia ile ya zamani. Inanguruma. Danaisy jikoni kasema, bila kuniangalia, kwamba wao wala hawaulizi: mashine ikilia wanajua nipo, ikinyamaza wanajua nimetoka. Nikamwambia ajishughulishe na mumewe, ambaye ni mtumba.

Wiki moja imebaki. Nikishindwa, nitakuwa ndani ya chumba kisicho na dirisha huku hawa wanaanika chupi kwenye roshani yangu. Naogopa. Basi.

Alhamisi, 16 Agosti

Fonseca kapanda mwenyewe, analalamikia magoti kila ngazi. Kaingia, kaiona mashine, kasimama. Halafu kacheka hadi akakaa chini.

— Bi mkubwa, hiki nini?
— Kitambaa. Nimefuma mwenyewe.
— Na huyu?
— Mbwa wa udongo. Wa marehemu mama.

Nani hana kitambaa juu ya TV yake, na mbwa juu ya kitambaa? Kwa mama ilikuwa hivyo, kwa bibi redio ilikuwa hivyo. Kitu cha thamani hakiachwi uchi!

"Umemvika shela mtu mwenye homa," kasema, "kisha ukamkalishia mbwa kichwani." Joto hupanda juu, mapezi yanapumua kwa juu, nami nimeyaziba pua. Akaisimamisha wima ili hewa iingie chini itoke juu. Kitambaa nikakunja. Mbwa nikamweka chini, ailinde.

Saa mbili zimepita. Tatu. Filamu mbili nzima! Joto digrii sabini, halipandi. Fonseca kanywa kahawa, kisha kaweka sikio karibu na mapezi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," kasema. Nikamwambia mshindo ni Jumatatu. Simwambii mtu kitu. Ile ya zamani itanguruma nikiwa ndani, wajione wameshinda. Kwenye kikao nitawaambia wote wapande hapa, wasikilize kwa masikio yao, na Hortensia aandike.

Jumamosi, 18 Agosti

Danaisy leo kanishangaza. Naosha kikombe, akaja karibu, sauti ya chini.

— Dada Mirtha, kesho usiende Regla.
— Kwa nini, unataka nikufulie?
— Nakwambia tu. Kaa nyumbani upumzike.

Nikamwambia mimi sipangiwi Jumapili yangu na mtoto wa juzi. Kashusha macho, karudi kwenye maharage yake. Kwani zamu ya kusafisha bafu kesho ni yangu — hiyo tu ndiyo shida yake. Kila mtu humu ananipangia!

Jumapili, 19 Agosti

Boti ya Regla mbovu. Nusu saa juani gatini, kisha wakatwambia turudi makwetu. Nimerudi saa tano. Ukumbini hakuna mtu. Wametoka wote, afadhali.

Nimevua viatu. Nimewasha mashine mpya, sauti ya TV nimeizima, natazama tu namba za joto kabla ya filamu. Sitini na nane. Safi. Ile kuukuu nimeshaichomoa, kesho asubuhi Fonseca anaichukua. Kahawa iko tayari. Hati ya nyumba nimeitoa kwenye kopo la filamu, niwe nayo kwenye kikao.

Wamerudi. Wengi. Viti vinavutwa. Evelio. Hortensia — kikohozi chake nakijua. Na wengine wawili, mwanamume na mwanamke, sauti ngeni.

Wanasifu jikoni. Jikoni! Mwanamke anauliza kama mwenye upande wa roshani amekubali kweli. Evelio kajibu upesi: amekubali zamani, anahamia kwa dada yake Regla, bado karatasi tu. Mwongo! Mwongo mkubwa! Mwanamume akamwuliza mwenyekiti, ni kweli? Na Hortensia — Hortensia aliyekunywa kahawa yangu — kasema: "Binamu, kesho yataisha. Kikao naandika mimi. Akitikiswa kidogo atasaini. Si nilikwambia utapata upepo?"

Binamu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nisipoandika nitapiga yowe.

Basi kile kiti. Pazia. Penseli. Kila Jumapili walikuwa humu na futi kamba yao, na mimi nagombana kwa ajili ya sukari. Na yule binti aliniambia jana nisitoke.

Mwanamke: "Na kelele je? Pale chini wanasema humu kuna kelele."

Evelio: "Kelele? Nyumba hii? Hebu nyamazeni msikilize."

Wamenyamaza wote. Nami nimeinua kalamu kwenye karatasi. Sisi sote, plaiwudi katikati, tunasikiliza. Taa ya buluu inawaka mguuni pangu, mbwa yuko pembeni yake, na hakuna sauti kabisa.

"Mnaona?" kasema Evelio. "Mtalala kama watoto."

Hortensia: "Njooni mkaione roshani. Hayupo, angekuwepo mashine ingekuwa inanguruma." Funguo zinalia. Danaisy kasema yeye hamo, wasimtaje. Evelio kamwambia afunge mdomo.

Nyayo ukumbini. Komeo la ndani lipo, mkono wangu unalifikia. Sifungi. Nimegeuza kiti kiutazame mlango. Hati mapajani, rimoti mkono wa kushoto, filamu inakwenda bila sauti, kidole juu ya kitufe; nikibonyeza tu itapasua masikio.

Ufunguo umeingia. Haugeuki. Mlango huu umelegea bawaba, una hila yake, sijawahi kumfundisha Hortensia.

"Uinue kidogo," Evelio anamwambia Hortensia.