Pistoni Kwenye Friji

4 Mei

Mwanangu Tupa,

Salamu nyingi zikufikie. Sisi hatujambo; mama yako anasumbuliwa na goti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Baridi ya huko milimani umeizoea? Uliposema unakwenda karakana na masweta mawili nilicheka, maana mimi hapa nakereza vyuma na fulana tu na bado jasho linadondokea mashine.

Silinda ya ile injini yetu ndogo ya kuzungushwa kwa hewa nimeimaliza. Nimeisugua ndani mpaka ukichungulia unaliona jicho lako. Sasa zamu yako: pistoni. Kipimo nimekiandika nyuma ya karatasi hii, maana vipimo huandikwa, havipigiwi simu. Injini nzima isizidi kikombe cha chai. Pengo kati ya pistoni na silinda liwe kama unywele uliopasuliwa mara kumi, la sivyo hewa itavuja na haitazunguka.

Nikwambie ukweli. Tangu nistaafu kiwandani sijafanya kazi ya kipimo cha namna hii, na asubuhi mikono inatetemeka. Nataka kujua kama bado ni fundi au nimebaki mzee mwenye kerezo, mashine ya kukerezea bila mkerezaji.

Baba yako

19 Mei

Baba, shikamoo,

Natumaini mu wazima, na goti la mama limepata nafuu. Mimi sijambo, ingawa wenzangu waliona bahasha imeandikwa Tupa na sasa karakana nzima inaniita hivyo. Nimewaeleza kwamba ulinipa jina hilo la chombo cha kusugulia chuma kwa sababu utotoni nilimkwaruza kila mtu. Wamesema hukukosea.

Pistoni hiyo, nimeifunga ndani ya soksi (safi, mwambie mama). Ni ya aluminiamu. Nilichonga mbili, moja nimebaki nayo mfukoni. Nilizifanya asubuhi sana kabla msimamizi hajaingia, vidole vikiwa vimekufa ganzi, lakini kipimo ni kile kile ulichoniandikia. Ikianza kuzunguka niambie siku hiyo hiyo.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Tu wazima, tunashukuru. Pistoni imefika. Haiingii. Inakwama pale mlangoni na kwenda mbele haitaki. Nimepima silinda tena na tena, na kila nikipima mkono unacheza, sijui niamini kipimo kipi.

Wewe una macho mapya na vifaa vizuri, kwa hiyo kosa ni langu. Yule jirani yetu fundi bomba amelitamani kerezo langu miaka yote. Nimemwambia akipata mkokoteni aje alichukue.

Baba yako

10 Juni

Baba, shikamoo,

Poleni na joto. Baba, usijilaumu. Umefanya kazi miaka mingi, na mikono nayo huchoka kama kitu kingine chochote. Nitumie hiyo silinda niikereze upya huku, haitanichukua muda. Wewe pumzika sasa, umestahili.

Mwanao akupendaye

20 Julai

Baba, shikamoo,

Najua hujanijibu kwa makusudi. Mama ameniambia umelifunika kerezo shuka na unashinda ukisoma gazeti lile lile. Tafadhali soma na hii.

Jana nilikuwa nimekaa karibu na tanuri, nikatoa ile pistoni ya pili mfukoni nikaipima kwa mchezo tu. Imenenepa! Nikaiweka dirishani kwenye baridi, nikaipima tena, ikawa imekonda. Baba, aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko chuma cha silinda yako, na aliyenifundisha hilo ni wewe. Wewe umepima jashoni, mimi nimepima na masweta mawili. Kipimo kile kile, hali mbili za hewa. Silinda yako haina kosa.

Nyani haoni kundule. Nilikimbilia kukupa pole kabla ya kukagua kazi yangu mwenyewe. Naona aibu, baba, nisamehe. Iweke pistoni kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa, kisha ijaribu haraka. Na mwambie fundi bomba asubiri!

Mwanao

8 Agosti

Mwanangu Tupa,

Marahaba, na za huko? Sisi ni wazima kupita kiasi, kama utakavyosikia.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini. Nikasema, huyu ananibembeleza tu. Hata hivyo niliitia pistoni kwenye friji, kati ya maziwa na nyanya. Mama yako alipofungua akauliza kama siku hizi tunapika vyuma.

Fundi bomba naye akachagua siku hiyo hiyo kuja na mkokoteni. Nikamwambia aketi kwanza. Nikaitoa pistoni, nikaipangusa, nikaisimamisha juu ya silinda. Sikuisukuma. Ilishuka yenyewe, polepole, mpaka chini.

“Mzee, mbona unalia?” akaniuliza.

“Jasho hili.”

“Jasho la machoni?” mama yako akadakia.

Basi nikakubali kwamba nalia. Tukampa jirani chai, akaondoka na mkokoteni mtupu huku akinuna. Ilipopata joto pistoni ilitanuka kama ulivyosema, ikakwama tena; nikazirudisha zote mbili kwenye friji mpaka ikatoka, kisha nikaipunguza kwa msasa laini kidogo kidogo, kwa mikono hii hii, mpaka ikawa inateleza. Jana mama yako alipiga pampu ya baiskeli na injini ikazunguka. Alipiga mpaka akachoka, akaniambia nitafute mke mwingine wa kupampu.

Sasa nikukaripie. Pistoni kukwama hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hukunibishia. Tangu ulipojua kusema umekuwa ukinibishia juu ya kila skrubu, halafu siku nilipokwambia nimekosea, ukakubali upesi upesi na kuniambia nipumzike. Siku hiyo ndiyo niliyozeeka. Usinifanyie tena. Nikikosea nibishie, nisipokosea nibishie vile vile, ndipo nitajua kwamba bado tunafanya kazi pamoja.

Injini ya pili itakuwa na silinda mbili, na hii hatuigawi kwa posta. Tutaichonga chumba kimoja, jasho moja. Nimekusogezea meza upande wa dirisha, na mama yako anasema likizo yako ni mwezi huu.

Barua hii usiijibu. Panda basi.

Baba yako