Kengele ya Baba katika Mwezi wa Kimya

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye benchi la jimu yako ya uani kujifunga bandeji mkononi, ukafika kidole cha tatu, ukaegemea ukuta na hukuinuka tena. Tunakuandikia katika mwezi uleule ulimotuacha, mwezi wa kimya, ambao Accra yetu haipigi ngoma wala haiziki mtu mpaka ngoma ya Odadaa isikike tena. Wasomaji watuwie radhi. Ataa Ayikai Botchway, kocha wa ndondi wa mtaa wa Bukom, alikuwa mtu wa watu wengi, lakini leo tunazungumza naye sisi wa nyumbani.

Ulilala kwenye chumba cha baridi wiki nne nzima ukingoja ruhusa ya kuzikwa. Sisi tulikulilia midomo imefumbwa. Mimi binti yako wa mwisho, Shormeh, ambaye unajua hushtuka hata kuku akiruka, sikukulilia kwa sauti hata mara moja. Nilidhani mwezi ukiisha kilio kitatoka chenyewe. Hakikutoka.

Tunakumbuka mambo yako. Kila kiumbe ulimwita bingwa, hata mbuzi wa jirani aliyekula kamba zako za kuruka. Ulikuwa ukirudi kutoka kukimbia ufukweni umelowa jasho, unadai kenkey mbili za moto, yale madonge ya unga wa mahindi, samaki wa kukaanga na pilipili ya kutosha kumliza mtu mzima, halafu unawahubiria mabondia wako juu ya kula kwa kiasi. Mama alikuwa anakutazama tu.

Tunakumbuka jinsi Anti Tsotsoo, mpika kenkey wa nyumba ya pili, alivyotoka zahanati akilia kwamba presha imepanda na daktari amemwambia autumikishe mwili. Alikuuliza aende akatembee wapi, na yeye anasimama motoni tangu alfajiri. Ukampa kamba. Akaruka mara mbili, akaketi chini, akasema umetumwa kumuua. Kesho yake akaruka tano. Kufika Krismasi presha ilikuwa imeshuka, na alipanda ngazi za zahanati bila kushika ukuta, akimwambia daktari amtazame. Baada ya hapo wauza samaki, washonaji na akina mama wa kanisani walijaa uani kwako kila Jumatatu na Alhamisi. Vijana wako wakakutania kwamba siku hizi kocha anatafuta mkanda wa dunia kwa wapika kenkey.

“Hawa wananilipa samaki,” ukawajibu. “Nyinyi mnanilipa maneno. Inueni mikono.”

Kisha dada Korkoi akarudi nyumbani jicho moja limefumba, mwanawe mdogo Dedei mgongoni. Bukom yote ilingoja uende kwa mumewe, Sowah, ukamwonyeshe ngumi ni nini. Hukwenda. Ulikaa kwenye benchi hilohilo mchana kutwa umefunga mikono kwapani. Asubuhi ukamwita Korkoi, ukamvalisha glovu, ukaanza na miguu.

“Sikufundishi umpige, mwanangu,” ulimwambia. “Nakufundisha, akinyanyua mkono, wewe usiwepo pale mkono unapotua. Halafu uondoke. Kupiga ni pale njia ya kuondokea imezibwa.”

Korkoi alijifunza vizuri. Mabega yalirudi juu, akaanza tena kuwatazama watu usoni. Mimi nilikataa. Nilikuambia naogopa. Ukasema vizuri, wasioogopa ndio wanaokusumbua, hawataki kulinda kidevu. Nikakataa hivyohivyo, nikabaki kwenye cherehani yangu pale barazani nikishona glovu zilizochanika na kujaza vitambaa kwenye magunia ya mazoezi.

Na Sowah alikaa mbali, kwa sababu yako. Hilo tulilijua wote nyumbani, ingawa hakuna aliyelisema. Ndiyo maana siku ulipokufa, baada ya Mama kukufumba macho, kitu cha kwanza nilichokitazama ni komeo la geti. Naona aibu kuliandika hili, lakini ni kweli. Nililitazama komeo, nikaona ni jembamba sana.

Sowah alikuja siku ya tisa, saa za mchana. Mama alikuwa kwa wazee wa ukoo wakipanga mambo ya mazishi, Korkoi yuko ufukweni kununua samaki wa kukausha. Nilikuwa peke yangu uani na Dedei, anacheza na vitambaa chini ya meza yangu. Sowah aliingia taratibu, akatoa pole, akaomba maji, akanywa. Alikuwa na adabu zote.

“Shormeh, mimi na wewe hatuna ugomvi,” akasema, akiweka kikombe chini. “Nimemfuata mwanangu. Mzee hayupo sasa, basi tusisumbuane.”

Nilisimama mbele ya meza. Sijui nani aliyenisimamisha. Nikamwambia amngoje Korkoi. Akacheka, akasogea, akainua mkono wa kulia.

Hapo, Baba, nataka ujue kilichotokea, maana nadhani wewe ulikijua siku zote. Tangu nina miaka minane kazi yangu ilikuwa kupita na beseni la maji katikati ya mabondia wako wakiwa wanatupa ngumi. Kila siku ulinipigia kelele kutoka upande wa pili wa ua: “Kushoto, Shormeh! Pita nje ya mkono wake!” Nilidhani unayahurumia maji. Mkono wa Sowah ulipokuja, miguu yangu ilikwenda kushoto yenyewe, hatua moja fupi, kama bado nimebeba beseni. Kofi lake likapiga nguzo ya baraza. Nikamvuta Dedei kutoka chini ya meza, nikakimbilia kwenye kona ya kengele.

Nikafungua mdomo nipige yowe. Hakuna kilichotoka.

Nilikuwa nafikiria mwezi wa kimya. Wewe umelala huna ruhusa hata ya kuzikwa, mtaa mzima unatembea kwa kunyata, redio zimefunikwa, na mimi nilimkumbuka bibi akinifinya sikio utotoni kwa sababu nilicheka kwa nguvu katika mwezi huu. Mtu anakuja kunichukulia mtoto na mimi naogopa kukosea mila. Sowah alikuwa anakuja, ameshika mkono wake ulioumia, hacheki tena. Mkono wangu ukagusa kile chuma chako cha kugongea, nikaigonga ile rimu ya lori unayoiita kengele, mara tatu, kama unavyofungua raundi.

Sijawahi kusikia sauti kubwa kama ile. Anti Tsotsoo aliingia wa kwanza, unga wa kenkey mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake muuza kitambaa, kisha mama wawili wa kanisani, kisha wengine, nadhani walifika kumi na tano. Hakuna aliyesema neno, maana mwezi ni ule. Walijipanga kati yake na sisi, mguu wa kushoto mbele, mikono juu, videvu chini, kama Jumatatu yoyote. Dedei alikuwa ananiuma bega kwa woga na mimi sihisi.

Sowah aliwaangalia mmoja mmoja. Alijaribu kupita kulia, wakasogea. Akajaribu kushoto, wakasogea tena, bila mtu kumgusa. Akarudi nyuma mpaka getini.

“Kengele haitakuwa na mtu wa kuigonga kila siku,” akasema. “Nitarudi.”

Nilitapika alipoondoka. Anti Tsotsoo alinishika kichwa na mikono yake ya unga, akaniambia bingwa, tapika, hata yeye ameshikwa na haja ndogo.

Siku tatu baadaye wazee wa mila wakatuita, kwa kuwa tulivunja kimya cha mji. Mama alivaa nyeusi zake, tukaenda. Nilijua kuna nyumba zilizotozwa kondoo. Mzee Tawiah alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini niligonga chuma badala ya kupiga yowe. Nikamwambia niliogopa kuvunja kimya.

Akaweka fimbo yake magotini.

“Binti yangu, nani alikuambia hivyo?” akasema. “Tumezuia ngoma na makelele ya starehe. Mtu anayeomba kuokolewa hatujamzuia hata siku moja.”

Kwa hiyo, Baba, binti yako aliliacha lililoruhusiwa akafanya lililokatazwa. Kengele ni ya mchezo, na mchezo una adhabu yake: chupa moja ya pombe ya jini. Akina mama wa Alhamisi walileta mbili. Njiani kurudi Mama alicheka mara ya kwanza tangu ufe, kisha akasimama pembeni mwa mtaro akalia kwenye khanga yake, bila sauti.

Ulizikwa vizuri, ulipofika wakati. Vijana wako walibeba jeneza wakicheza miguu ile ya ulingoni, wakakuzungusha Bukom nzima. Na mimi tangu mwezi ule nimevaa glovu. Mwili umebadilika, napandisha maji ghorofani bila kuhema na usingizi unakuja. Woga haujaondoka. Nilidhani ndondi itauondoa, na nilikukasirikia kidogo kwa kutoniambia ukweli, mpaka nikakumbuka kwamba uliniambia: wasioogopa ndio hawalindi kidevu.

Sasa mwezi wa kimya umerudi. Wazee wametuomba kwa upole tuifunike kengele mpaka Odadaa, nasi tumeifunga kwa taulo lako jekundu. Jumanne iliyopita Korkoi alimwona Sowah kwenye kituo cha magari. Sowah hakumsogelea. Alimpungia mkono tu, kisha akainama kidogo na kugusa sikio, kama mtu anayesikiliza kitu ambacho hakilii. Tangu siku hiyo Korkoi hamwachi Dedei hata kwenda chooni, na mimi nimebadilisha komeo mara mbili.

Leo asubuhi akina mama walikuja kwa mazoezi. Walikaa kwenye ukingo wa ulingo, wakanitazama. Anti Tsotsoo akasema kama kengele imefungwa, basi kazi imebaki kwenye koo, na mwenye koo bovu kuliko wote hapa anajulikana. Wakataka nianze mimi kupiga yowe.

Nilisimama karibu na benchi lako. Nikafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Nikajaribu tena, nikakohoa. Dedei alikuwa amekaa juu ya meza ya cherehani ananiangalia, na nilimwona anaanza kuogopa kwa sababu yangu, na hilo lilinitisha kuliko Sowah.

Ndipo sauti ikatoka. Nilikuwa nimejipanga kusema “Nisaidieni,” ndilo neno tulilokubaliana. Neno lililotoka lilikuwa “Baba.”

Lilitoka lote, Baba, lile la mwaka mzima. Walisema lilifika ufukweni. Mama alitoka chumbani mbio, kichwa wazi. Watu walijaa getini, wengine wameshika vijiko, na Mzee Tawiah mwenyewe alisimama barabarani na fimbo yake. Niliendelea kukuita, sikuweza kuacha. Mzee hakuninyamazisha. Alivua kofia, akangoja nimalize.

Hatujui Sowah atakuja lini. Akija, atanikuta naogopa, miguu yangu iko kushoto, na Bukom inaijua sauti yangu.

Unakumbukwa na mkeo Naa Adoley, ambaye bado anaweka kenkey mbili mezani. Mwanao Ayitey aliyeko Tema. Binti zako Korkoi na Shormeh. Mjukuu wako Dedei, anayemwita mbuzi bingwa. Vijana wako wa ulingoni. Na akina mama wote wa Jumatatu na Alhamisi.

Lala, Baba. Siku zote tutakukumbuka, na mwaka huu tunakukumbuka kwa sauti.