Pumzi ya Kufika kwa Metui

Jumatatu, 7 Juni 1999

Mimi Josephati, miaka sabini na moja. Au sabini na mbili. Nilizaliwa mwaka wa nzige, waliojua tarehe wamekufa wote. Nimewazika kaka zangu wote na mke wangu. Nimepita njaa, nimepita mzungu wa ngano na kiboko chake. Nyati alinipitia juu akaniacha mzima. Mvua ya El Nino juzi tu imebeba zizi la jirani, langu ikaliogopa!

Leo daktari kule Karatu, kijana hata ndevu hana, ameinua picha ya kifua changu kwenye taa. Anasema sigara itaniua. Nikamwambia imejaribu tangu baba yako hajazaliwa. Hakucheka. Akasema, acha leo, mzee, na kila siku utembee, upande mlima mpaka utoke jasho.

Nimeacha. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Metui.

Metui Mmasai, boma lake liko juu kabisa, ukishamaliza msitu. Tulilinda ngano ya mzungu pamoja tukiwa vijana, tunafukuza nyati kwa kupiga debe. Mwaka jana nilipanda kwenda kwake, kifua kikaziba pale kwenye mti ulioanguka. Nikarudi. Alikuwa ameshachinja mbuzi. Sasa Lekoko, mwanawe, ameshuka na punda kununua mahindi hapa Mbulumbulu, anasema macho ya baba yake yamekwisha. Kabla ya mvua za vuli wanamhamishia mbali, kule Sale, kwa binti yake. Akishafika Sale, basi. Tutaonana mbinguni, na sina hakika kama sote wawili tunaelekea huko.

Nikasema mwambie nakuja. Lekoko akaitazama miguu yangu. "Baba amesema usimfanye achinje mbuzi bure mara ya pili."

Jumatano, 9 Juni 1999

Nimetembea. Mpaka kanisani na kurudi. Miguu haina neno, shida watu! Kila mtu: mzee, unakwenda wapi? Natembea tu. Unatembea tu wapi? Hapa mtu anatembea akiwa na mzigo, au ng'ombe, au msiba. Mzee anayepanda kilima mikono mitupu na kushuka mikono mitupu, watamwita mchawi au watasema kichwa kimelegea.

Aikaeli wa dukani, yule mama wa Kichaga, akaniita kwa sauti mbele za watu. "Mzee Josephati! Sigara zako nimekuwekea, zinakulilia!" Nikamwambia zifute machozi. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kiberiti. Mkono wenyewe, mimi sikuutuma.

Jumapili, 13 Juni 1999

Nimepata dawa ya watu. Nabeba jembe. Nikiulizwa, shambani. Nimepita mbele ya duka kifua mbele kama mtu mwenye ekari mia.

Marsela, mke wa mwanangu, kaniangalia jembe. "Baba, hili jembe umelitembeza siku zote hizi halijaonja udongo. Litakuja kukusemea." Nikamwambia nyamaza, pika. Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema wazungu kule Karatu wanatembea na fimbo mbili bure kabisa na wanalipia. Mimi simo kwenye mambo ya watalii.

Kupumua bado ni kama kunywa kwa mrija ulioziba.

Alhamisi, 24 Juni 1999

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Siku ya tatu sijatoka. Nasema kesho. Kesho ikifika nasema ukungu.

Nimefikiri jambo. Sigara ilikuwa inaniambia nipumzike lini. Unalima, unafika mwisho wa tuta, unawasha. Umegombana na mtu, unawasha. Sasa sijui kazi inaishia wapi na hasira inaishia wapi. Mikono ipo tu. Nimekaa jikoni nimeishika kama mizigo ya mtu mwingine.

Jumatatu, 5 Julai 1999

Nimevuta. Dukani. Aikaeli alinipa na kiberiti. Afadhali angenicheka.

Jumanne, 6 Julai 1999

Nimeamka kabla ya jogoo, kwa aibu. Nikachukua jembe nikapanda. Kwenye kona ya kanisa kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikasimama pale nikikohoa kama trekta la ujamaa. Nikaona mlima wote juu yangu, msitu mweusi, na nyuma yake Metui, haoni, anasubiri mtu ambaye jana alikuwa dukani anavuta.

Nimerudi dukani. Nikamwambia Aikaeli: ukiniuzia tena, nitahamia duka la yule Mnyiramba wa chini. Akaniangalia sana. "Baba, hilo jembe liache. Kama unapanda kila asubuhi, nibebee chumvi umpelekee mama Naipanoi kule ukingoni mwa msitu. Yeye hawezi kushuka."

Chumvi! Sasa nikiulizwa ninakwenda wapi, nina jibu la kweli.

Ijumaa, 16 Julai 1999

Leo nimebeba dawa ya mbuzi, betri za redio na salamu mbili. Moja ya salamu ni ya kugombana, sikuifikisha.

Jambo la ajabu: siku ambayo sina mzigo wa mtu, kitanda kinanishika. Siku yenye mzigo naamka mwenyewe. Nilidhani mimi mtu wa moyo mgumu — na ni kweli, hakuna mgumu kama mimi Mbulumbulu nzima — lakini moyo mgumu hauniamshi. Mama wa watu anayesubiri chumvi ndiye anayeniamsha. Sitamwambia mtu hili.

Hamu inakuja bado. Inakuja asubuhi na baada ya ugali. Nikiwa kwenye kilima inanifuata mpaka kanisani, halafu inachoka. Mimi naendelea.

Jumamosi, 31 Julai 1999

Nimefika mti ulioanguka! Nikaupita! Nikarudi kwa sababu ya kinyesi cha tembo, kibichi, si kwa sababu ya kifua. Naandika wazi ili nisije nikasahau: tembo, si kifua.

Jioni nilipotoka kulala kidogo, Marsela kaniletea chai imepoa. Nikamuuliza chai gani hii? Anasema, "Baba, siku hizi sijui kama umeamka. Zamani ukikohoa mimi naweka sufuria. Sasa nyumba kimya, naogopa hata kuchungulia." Nikamwambia nitakuwa napiga debe. Lakini nimekaa na neno hilo. Miaka yote nilikuwa nakohoa, na wao walikuwa wanahesabu kwamba nipo.

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Lekoko ameshuka tena. Wanahama wiki ijayo. Kesho kutwa nakwenda naye.

Shida moja. Kwa Metui huendi mikono mitupu, na mkono wangu unajulikana: ugoro. Tumbaku naipanda mwenyewe nyuma ya zizi, nasaga, natia magadi. Miaka yote. Nilipoacha sigara sikuing'oa, nikasema ile ni ya Metui, hainihusu. Leo nimeitwanga. Marsela amekataa kushika kinu. Vumbi likaingia puani, nikapiga chafya mpaka machozi, na mwili wote ukaamka ukasema, ndiyo, hii, hii!

Nimefunga kopo kwa kitambaa. Nimekwenda kunawa mikono. Nimenawa tena.

Jumatano, 11 Agosti 1999

Naandika nimekaa nje ya boma la Metui. Nimefika! Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Tulitoka na giza la alfajiri. Kwenye mti ulioanguka sikusimama. Kule juu mwanzi unapoanza mzigo wa punda mmoja ukakaa vibaya, Lekoko akabaki kufunga kamba, akasema tangulia taratibu, mzee. Taratibu! Nimempoteza nyuma. Nikatoka msituni peke yangu, jua usoni, nyasi zote nyeupe kwa umande ulioganda. Nimesimama nikavuta hewa, ikaingia yote, mpaka chini.

Metui amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, shuka mbili, macho yamefunga utando. Amekonda. Nikasema, "Sopa, Metui." Akajibu, "Ipa. Nani?"

Nani! Nikasema Josephati.

Akainamisha kichwa akasikiliza. Akasema, "Hapana. Josephati namsikia tangu yuko msituni. Anakohoa, ndege wanaruka, nasema wachinje mbuzi. Sauti umeichukua yake. Kifua si chake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wakwe zake, wake za wanawe, wamesimama wananitazama, hakuna anayenijua, wote wameolewa juzi. Nikamwambia habari za nyati na ngano na debe. Akasema hayo Josephati alimsimulia kila mtu. Hapo amesema kweli.

"Kohoa basi nisikie."

Nimejaribu. Mbele ya Mungu nimejaribu. Imetoka kama kitoto cha mbuzi. Wakwe wamecheka. Yeye akatingisha kichwa. Sijui ananitania au amekwisha kuzeeka hivyo. Zamani ningejua kwa macho yake.

Nikampa kopo. Akalifungua, akanusa, uso ukafunguka wote. "Hii ni yake! Hii hakuna mwingine anaitengeneza." Akatia kidogo kwenye kiganja, akavuta. Halafu akaliweka wazi kwenye jiwe, kati yake na mimi. "Josephati anavuta baada yangu. Tangu tukiwa vijana. Vuta nijue."

Kopo liko pale. Harufu inanifikia hapa nilipo. Nimemwambia ngoja kwanza niandike kitu. Akasema, Josephati hajui kuandika sana. Anasubiri, uso ameuelekeza kwangu.

Metui ndugu yangu, ni mimi. Nimepanda kwa miguu yangu na pumzi yangu, sikubebwa, sikupumzika penye mti. Mama Naipanoi ameniona nikipita na alfajiri. Na Lekoko ni shahidi, alikuwa nyuma yangu, atasema mwenyewe. Nasikia kengele za punda wake kule chini, bado hazijatoka msituni.